Sura ya Mkwe Dirishani

Wanawake wa Kikwajuni walikuwa wakiijua saa ya Khelef. Ikishasaliwa Alasiri, akitoka na mfuko wake wa ngozi begani, waliokaa barazani huvuta kanga mpaka puani, na asiyekuwa na kanga huingia ndani. Hawakumwogopa yeye mwenyewe, maana alikuwa mtu mwembamba, karani wa ghala la karafuu, asiyemwinulia mtu sauti. Walikiogopa alichokibeba.

"Huyo anapita," Bi Mashavu alisema, kwa makusudi asikike. "Fungeni madirisha. Kioo chake kinaona mpaka vyunguni."

"Salaam aleikum, Bi Mashavu."

"Waaleikum salaam. Nenda. Usisimame hapa."

Khelef hakusimama. Ndani ya mfuko mlikuwa na kamera kuukuu na lenzi mbili. Ile fupi aliitumia kwa nadra. Ile ndefu, nzito kama kibuyu kilichojaa maji, aliinunua kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akihama, aliyeuzia vitu vyake ngazini kwake mwaka uliofuata Mapinduzi. Haikuwa lenzi ya majumba wala ya bahari. Ilikuwa lenzi ya sura. Ukiielekeza kwa mtu aliye upande wa pili wa barabara, uso wake unakuja mpaka unakaribia kuusikia ukipumua, na kila kilicho nyuma yake, ukuta, watu, nguo kwenye kamba, kinayeyuka kikawa kama ukungu. Mtu hubaki peke yake, kama atakavyosimama peke yake mbele ya Mola wake. Hivyo ndivyo Khelef alivyokuwa akijiambia. Alipenda kulisema hilo, kwa kuwa lilifanya mapenzi yake na kioo yafanane na ibada.

Matembezi yake yalikuwa yale yale kila alipopata nafasi. Hupitia Michenzani, ambako majumba mapya yalikuwa yakipanda, akashukia Darajani, kisha akaingia vichochoroni mpaka giza lianze kumnyima mwanga. Akisharudi, picha moja katika kumi ndiyo humridhisha. Lakini hiyo moja humtosha wiki nzima.

Na ilikuwa miaka mibaya kwa mtu wa kamera. Mtu akiulizwa jina lake barabarani, hufikiri kwanza kabla ya kulitaja. Askari walikuwa wameshamsimamisha Khelef mara nyingi wakamfungua mfuko, na mmoja aliwahi kuivuta filamu nzima nje juani, akaikunja kiganjani kama uzi wa samaki, akamrudishia. Sokoni Darajani muuza samaki aitwaye Ame alimwona siku moja akilenga kutoka upande wa pili wa njia, akaja na kisu chake mkononi, kina magamba bado.

"Wee! Ushanipiga?"

"Sijabonyeza."

"Hujabonyeza! Kwa hiyo ulikuwa unataka. Nani kakutuma?"

"Hakunituma mtu. Nimeipenda sura yako tu."

"Sura yangu ina mwenyewe."

Watu walicheka. Mmoja nyuma yao, mwenye kapu la mihogo, akaongezea, "Mashamba wameshanyang'anywa, sasa wanachukua sura za watu."

Kicheko kikazidi. Khelef alifunga mfuko akaondoka. Babu yake hakuja kutoka Uarabuni na shamba. Alikuja na birika la kahawa na vikombe vyake, akazunguka navyo mji huu mpaka miguu ikamwisha. Lakini hayo ungemwambia nani sokoni, na kisu kile kina magamba?

Aliyemvumilia alikuwa mkewe, Wanu, mwanamke wa Makunduchi. Walikuwa wameoana kabla ya Mapinduzi, na wala hakuna aliyewashangilia sana, si upande wa mume wala upande wa mke. Wanu alizoea kumshikia mfuko, kumpimia dawa za kusafishia filamu, hata kulenga alijua. Na picha ikiwa mbaya alisema ni mbaya.

Kosa la Khelef halikufanyika mjini. Lilifanyika Makunduchi, siku ya pili ya Idd, walipokwenda kwa wakwe.

Kwa desturi mkwe hatazamwi usoni. Mwanamume akikutana na mama wa mkewe huinamisha kichwa, humpisha njia, humwamkia huku macho yake yako chini. Miaka yote ya ndoa yake Khelef aliijua sauti ya Bi Mize, akaijua miguu yake na pindo la kanga yake. Uso wake hakuujua. Angekutana naye mjini amenyamaza, asingemtambua.

Asubuhi ile alikwenda pwani peke yake na mfuko wake. Wanawake walikuwa wakipiga makumbi, yale maganda ya nazi yanayofukiwa mchangani yakaoza, kisha yakapondwa yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Khelef alisimama mbali, nyuma ya mti wa mvinje, akaweka jicho kwenye kamera. Uso mmoja ukamjia. Mwanamke wa makamo, kichwa wazi, kanga imemshuka mpaka kiunoni juu ya gauni lililolowa, nywele za mvi zimefumuka, meno yameuma mdomo wa chini, mkono wenye gongo umeinuliwa. Na macho! Macho ya mtu anayeponda kitu kwa hasira za miaka.

Alibonyeza. Halafu yule mwanamke akamwita mwenziwe, na Khelef akaijua sauti.

Hapo angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alijiambia kwamba yuko mbali, na kukaa mbali ndiyo heshima yenyewe. Akabonyeza tena.

Alipoisafisha ile picha, Wanu aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama mpaka maji yakakauka juu yake.

"Ndiye," alisema. "Ndiye hasa. Hivi ndivyo anavyokuwa akidhani hatumwoni." Kisha akamgeukia. "Iweke sandukuni. Asiione mtu."

"Ntaiweka."

"Niapie."

"Wallahi, ntaiweka."

Akaiweka kweli. Lakini lilikuwa sanduku la mtu ambaye mji mzima humfungia madirisha. Kila jioni alirudi na kejeli, na kila jioni alijua kwamba amelala na picha iliyo bora kuliko zote zilizotundikwa mjini. Mwishowe aliipeleka kwa Hija, mwenye studio ndogo Mkunazini, ambaye humwazima chumba cha giza cha kusafishia picha. Alisema anataka rai yake tu.

Hija aliivua miwani, akaivaa tena. "Nani huyu?"

"Mtu wa shamba."

"Niachie niikuze, niitie dirishani. Watasimama, Khelef. Wallahi mji mzima utasimama."

Naye Khelef, Mungu amsamehe, alitaka usimame japo mara moja.

Wakasimama. Picha ilikuwa kubwa, upana wa sinia, na kila aliyepita Mkunazini alipunguza mwendo. Khelef alizoea kupita baada ya sala ya Ijumaa, akijifanya anafunga kiatu, ili awasikie.

"Mtazame macho."

"Anataka kuua mtu huyu."

"Mwendawazimu. Humwoni kichwa wazi? Mwenye akili gani atakubali kupigwa hivi?"

Hilo la mwisho lilimchoma, na hapo ndipo alipopaswa kusema neno. Alifunga kiatu chake vizuri, akaenda zake.

Haikupita muda mrefu, mtu mmoja wa Makunduchi aliyeleta chokaa mjini akapita Mkunazini. Yeye hakuuliza ni nani. Alirudi kwao kwa gari la jioni, na kesho yake Machano, kaka yake Wanu, alikuwa mlangoni Kikwajuni. Alikuwa mtu mpana, na hakuvua viatu.

"Shemegi, karibu," Khelef alisema.

"Sikaribii. Wanu yuko wapi?"

Wanu alitoka jikoni anajifuta mikono. Alimwona kaka yake, akaona alivyosimama, akajua.

"Mumeo kamvua mama kanga mbele ya mji," Machano alisema. "Nimetoka kumwona. Yuko dirishani, kichwa wazi, anatazamwa na wanaume wanaokula njugu. Mmoja kaniuliza kama namjua kichaa huyu. Nimwambieje? Nimwambie ndiye alonizaa?"

"Machano, sikuwa na nia..."

"Wewe nyamaza. Nnazungumza na ndugu yangu."

Wanu hakulia. Alimtazama mumewe. "Si uliniapia?"

Khelef alitafuta la kusema. Aliyokuwa nayo yote yalihusu picha: kwamba ni nzuri, kwamba watu wamesimama.

Wanu aliingia ndani, akatoka amevaa buibui na kabeba furushi moja la nguo. Mlangoni Machano aligeuka.

"Ukimtaka mke, jua la kufanya. Ukikaa kimya mpaka sikukuu yetu ya Mwaka ipite, tutakwenda kwa kadhi, utatoa talaka huku umesimama. Na kioo chako hicho nikikiona Makunduchi, ntakivunja mbele yako."

Bi Mashavu alikuwa barazani kwake, upande wa pili wa njia. Hakuacha kuchambua mchele. "Afadhali," alisema.

Basi nyumba ikawa kimya. Khelef alisali sana siku zile. Lakini alimwomba Mwenyezi Mungu kama mtu anayechagua vitu dukani: nipe hiki, na kile usinichukulie. Mara mbili alikwenda Mkunazini kuiondoa picha. Mara zote mbili alikuta watu wamesimama mbele ya dirisha, akasimama nyuma yao, akarudi nyumbani mikono mitupu. Akajiambia ataiacha siku chache tu zaidi. Akajiambia Wanu atarudi mwenyewe. Mtu anayeomba huku amefumba kiganja hajui kwamba amekifumba.

Mwenzake wa ghalani, Kificho, ndiye aliyempa rai.

"Nenda Makunduchi siku ya Mwaka," Kificho alisema. "Si wanapigana wale, mashemegi na mashemegi? Yote ya mwaka mzima hutolewa uwanjani. Kapigwe. Ukishapigwa yameisha, hakuna anayeyafuata tena. Ndiyo mila yao."

"Yote?"

"Yote. Mwaka unaoga, taka zote zinatoka. Utaumia mgongo, mke utarudi naye."

Khelef aliona ni njia rahisi. Mgongo alikuwa tayari kuutoa. Dirisha hakulitaja kabisa.

Asubuhi ya Mwaka alipanda gari la shamba, amevaa kanzu safi na kofia. Mfuko alikuwa nao begani. Alikuwa amekusudia kuuacha, akafunga mlango, akarudi akauchukua. Hakumwambia mtu kwa nini, na huenda hata yeye hakujua. Ni kama mtu aliyezoea kutembea na fimbo.

Uwanja wa Makunduchi ulikuwa umejaa. Wanawake walivaa nguo zao nzuri, wamesimama kwa makundi pembeni wakiimba na kutukanana kwa nyimbo, kila mtaa ukiusema mtaa mwingine. Kibanda cha makuti kilichojengwa kwa ajili ya kutiwa moto kilikuwa kinasubiri. Wanaume wa kaskazini walikuwa upande huu, wa kusini upande ule, kila mmoja na kipande cha mgomba mkononi, kizito kwa utomvu.

Machano alimwona kabla hajapata pa kusimama.

"Kaja!" aliita. "Mwenye jicho kaja! Tena kaja nalo!"

"Nimekuja kupigwa," Khelef alisema. "Nipige, yaishe."

"Weka mfuko chini basi."

Khelef alitazama chini. Kulikuwa na miguu tupu kila upande, inarukaruka, inasukumana. Hakuuweka. Akapokea kipande cha mgomba alichotupiwa, akakishika kama mtu anayeshika samaki aliye hai.

Wakaanza. Pigo la kwanza lilimshukia begani, la pili shingoni. Mgomba hauvunji mfupa, lakini unachoma, na utomvu wake unaingia machoni. Kofia ikaruka. Kanzu ikapasuka kuanzia kwapani. Machano alipiga bila ya haraka, kila pigo na neno lake.

"Hili la mama! Hili la dirisha! Hili la yule mla njugu!"

Khelef hakurudisha hata moja. Alijiona anafanya vyema, akamhimidi Mungu moyoni. Halafu Machano akainua mgomba na kuulenga mfuko.

Hapo mwili wa Khelef ulifanya jambo bila kumwuliza. Alijikunja. Alianguka magoti, akaukumbatia mfuko tumboni, akainama juu yake kama mama anayemkinga mtoto na mvua, akaacha kichwa, mgongo na masikio vipigwe vyote. Wala hakupiga kelele mpaka alipohisi mkono wa mtu unauvuta ukanda. Ndipo akapiga kelele.

"Msiivunje! Nipigeni mimi, msiivunje!"

Machano aliacha kupiga. Wanaume waliokuwa karibu nao wakaacha. Na kutoka pembeni, kwenye kundi la wanawake, sauti moja nyembamba ikaanza papo hapo, wenzake wakaipokea kwa makofi:

"Kakumbatia kioo, mke kamwacha shamba!
Kakumbatia kioo, mke kamwacha shamba!"

Khelef aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limevimba. Kwa lile jingine alimwona Wanu katikati ya wale wanawake. Hakuwa akiimba. Alikuwa akimtazama alivyojikunja, na alivyoushika ule ukanda kwa mikono miwili.

Kibanda kikatiwa moto, watu wakapiga ukelele, moshi ukafuata upepo. Machano alitupa kipande chake cha mgomba, akampa Khelef mkono. Aliutoa kama mtu anayetoa jino.

"Kwangu yamekwisha," alisema. "Mwaka umeoga. Twende ukale."

Khelef alidhani ameshinda. Alimfuata mpaka nyumbani kwa Bi Mize, anachechemea, anapanga maneno ya kumwambia Wanu watakapokuwa garini.

Bi Mize alikuwa mlangoni pa jiko. Khelef aliinamisha kichwa, akaona miguu anayoijua na pindo la kanga.

"Shikamoo, mama."

"Kaa ule."

Hakusema marahaba. Sahani ya wali na samaki iliwekwa mbele yake, juu ya mkeka, kwa kishindo.

"Kula. Siku ya Mwaka mgeni hafukuzwi. Ungekuja kesho ningekufukuza."

Khelef alikula tonge mbili. Wali ulikuwa mzuri. "Mama," alisema kwa mkeka, "yamekwisha. Machano kanipa mkono. Nimekuja kumchukua Wanu."

"Nani kakwambia Machano ndiye mimi?"

Khelef akajifuta vidole kwenye kanzu iliyopasuka.

"Wanaume wamepigana, la wanaume limekwisha. Mimi nlikuwa uwanjani? Nlishika mgomba? Sura ilotundikwa ni ya Machano?" Miguu ilisogea hatua moja. "Nasikia bado ipo. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Ulisimama mbali kama mkwe, ukanitazama karibu kama mume. Adabu gani hiyo? Ungekuja karibu ningekuona, ningejifunika. Ungeniomba, ningekukataa. Wewe umenikaribia bila ya kufika."

Hakuna aliyewahi kuieleza lenzi ile vizuri namna hiyo, hata Mgoa aliyemwuzia. Khelef alihisi uso unamwaka moto. Ndipo alipoanza kulia, kimya kimya, na machozi yakamwashia palipochubuka.

"Kitoe," Bi Mize alisema.

"Nini, mama?"

"Kioo. Kitoe."

Machano, aliyekuwa anakula pembeni, akainuka haraka. "Nipe mimi nikivunje."

"Kaa. Sikukuita." Kisha akamwita bintiye. "Wanu! Njoo unionyeshe hiki kinavyoshikwa."

Wanu alitoka chumbani. Alichukua kamera kutoka mikononi mwa mumewe bila ya kumgusa vidole, akaifungia lenzi ndefu, akampa mama yake. Bi Mize akarudi nyuma mpaka ukuta wa pili wa ua, palepale ambapo mkwe angesimama. Wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kuchungulia uani, wengine wana vijiko mikononi.

"Tia jicho hapa, mama. Zungusha hii mpaka uso utulie."

"Siioni. Ukungu mtupu. Ah!" Bi Mize alishtuka, akaiondoa kamera usoni, akamtazama Khelef aliye mbali juu ya mkeka, akairudisha tena. "Yuko hapa hapa! Naona mpaka mchubuko. Naona machozi."

"Ndivyo ilivyo," Wanu alisema.

"Ndiyo maana anaipenda. Anamwona mtu mzima mzima, na mtu hamwoni." Akaikaza kamera usoni. "Mwambie ainue uso."

"Inua uso," Wanu alisema.

"Mama, siwezi. Wewe mkwe wangu."

"Nilipokuwa kichwa wazi uliweza. Inua."

Akainua. Kofia hana, kanzu imepasuka mpaka ubavuni, utomvu umemganda kwenye nywele, punje ya wali iko ndevuni. Alitaka kuipangusa.

"Acha hiyo!" Bi Mize alisema. "Mimi nlipangusa?"

Mkono ukashuka. Khelef alitazama mbele. Uso wa mkwe wake hakuuona hata hivyo, maana ulikuwa nyuma ya kamera. Aliona duara la kioo tu, jeusi, halifumbi. Alikingoja kile kidole kibonyeze, na kidole hakikubonyeza. Wanawake walicheka, mmoja akasema, "Mpige na punje yake." Muda ukapita. Akafahamu sasa kilichomleta Ame na kisu mkononi. Moyoni akasema, Ee Mola, nisitiri, na akajua kuwa dua hiyo hiyo huenda Bi Mize aliisoma, siku alipopata habari za dirisha.

Kamera ikalia.

"Sasa nisikilize," Bi Mize alisema, akirudisha kamera kwa Wanu. "Mimi ntashushwa, wewe utapandishwa. Dirisha hilo hilo, ukubwa huo huo. Yangu na filamu yake nataka nizichome jikoni kwangu mwenyewe, Machano atazifuata. Wanu atakuja mjini kutazama. Akikukuta dirishani, atafanya atakalo yeye. Asipokukuta, anapanda gari la kurudi, na mambo yanakwenda kwa kadhi."

"Na kioo?" Machano aliuliza, bado na hamu.

"Kioo akae nacho. Nisije nikasikia kioo ndicho kilichokosa."

Hija aliicheka ile picha mpaka akakaa chini. Ilikuwa imepinda, sikio moja limebaki nje ya picha, lakini uso ulikuwa mkali, wembe mtupu. "Nani kapiga? Siwezi kuweka hii, utanifukuzia watu. Watasema studio yangu inapiga wateja."

"Iweke," Khelef alisema. "Ishushe ile, uweke hii."

Aliishusha mwenyewe picha ya Bi Mize, akaikunja ndani ya karatasi pamoja na filamu. Nyumbani alikuwa na nakala nyingine ndogo, ambayo hakuna aliyeijua, si Hija wala Wanu. Aliketi nayo juu ya mswala baada ya Isha. Hakuna ambaye angeiulizia. Alimtazama yule mama na gongo lake mara ya mwisho, kisha akaitia pamoja na zile nyingine, na safari hii dua yake ilikuwa fupi. Machano alipokuja alichukua furushi bila ya kukaa.

Mji ukasimama kweli. Ame aliacha samaki wake akaja na mikono inanuka, akagonga kioo cha dirisha kwa kucha. "Wee! Nani kakutuma?" akaiuliza picha, na watu wakaangua kicheko. Vijana walipiga magoti barabarani kumwigiza. Bi Mashavu alitoka Kikwajuni kwa miguu, yeye ambaye hakuwa akivuka Darajani kwa jambo lolote, akaitazama picha kutoka juu mpaka chini.

"Punje ya nini hiyo?"

"Wali," Khelef alimjibu kutoka ndani ya duka.

"Alhamdulillahi," Bi Mashavu alisema, akaondoka ameridhika.

Kila jioni Khelef alikaa kwenye kibao ndani ya duka la Hija, nyuma ya picha yake mwenyewe, akiziona nyuso za watu kupitia kioo. Zilikuwa karibu sana, tena zenye mwanga mzuri. Mfuko ulikuwa miguuni pake. Hakuufungua.

Jumamosi, baada ya gari la Makunduchi kufika, alikuja mwanamke mwenye buibui akasimama nyuma ya watu. Aliwasubiri waondoke. Kisha akasogea, akaitazama picha kwa muda mrefu, kama alivyoitazama ile nyingine siku ilipokuwa bado majimaji. Hakucheka, wala hakumtafuta Khelef ndani. Mkononi alikuwa na furushi la nguo.

Khelef alitoka. "Wanu."

"Usiniite njiani. Na usinitazame."

Akageuka. Njia ya kulia ilikwenda kwenye magari ya shamba. Wanu alishika ya kushoto, ya Kikwajuni.

Khelef alimfuata kwa mbali. Penye kona rikwama la hamali, limejaa mizigo, lilikuwa limeziba njia, Wanu akasimama kulipisha. Khelef naye akasimama, pale pale alipokuwa, akainamisha kichwa. Alitazama mawe ya njia mpaka aliposikia viatu vya mkewe vinaanza kwenda tena.